Mate ya mwenye kifafa hayana umeme

Wiki ya mitihani, Tandale sokoni, kijana mbeba magunia alianguka kifafa mbele yetu. Tulikuwa wanachuo watatu, tumetoka kununua mchele wa geto. Mama muuza nyanya akapiga kelele, "Msimguse, mate yake yanaambukiza!" Mwingine akaongeza kwamba akijamba ndiyo balaa zaidi, hewa yenyewe inakupa. Nasi tukarudi nyuma. Wote watatu tulishasoma fiziolojia ya ubongo, na tulifaulu.

Hapo ndipo panaponiuma. Yule mama hajawahi kufundishwa. Sisi tumepewa mkopo tufundishwe.

Mwaka 1870, Berlin, Fritsch na Hitzig waligusisha umeme mdogo kwenye tabaka la juu la ubongo wa mbwa. Wakigusa sehemu fulani ya upande wa kushoto, mguu wa kulia unacheza. Baadhi ya mbwa hawakutulia hata umeme ulipoondolewa: mtetemo ukasambaa mwilini, wakapata kitu kama kifafa. Hakukuwa na jini pale maabara, wala mate ya mtu. Ni seli za ubongo zinafyatua umeme wake kwa mkupuo mmoja. Miaka ya 1930, Boston, Putnam na Merritt wakawapitishia paka umeme kichwani, wakijaribu dawa moja baada ya nyingine waone ipi inazuia mshtuko. Ndivyo ilivyojulikana fenitoini, ambayo watu wanaimeza mpaka leo. (Mbwa na paka waliteseka, sikatai. Basi angalau tuyatumie tuliyojifunza kwao.)

Huku kwetu Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kutibu kifafa kwenye miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wametengwa, wengine na makovu ya moto. Ukiogopa mate, nani atamvuta aliyeangukia jikoni?

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya vijijini. Hosteli zetu wapo wanaomeza vidonge kwa kujificha, wakihofia kuhamwa chumba. Serikali ya wanafunzi inapata pesa za bonanza kila semista. Saa moja ya huduma ya kwanza inashindikanaje?

Yule kijana alisaidiwa na dereva wa bodaboda. Alimlaza ubavu, akamkunjia koti chini ya kichwa, akamlegeza mkanda, akatazama saa. "Zikipita dakika tano, hospitali." Mtu akaleta kijiko cha kumtia mdomoni, akakikataa. Nikamuuliza amesomea wapi.

"Sijasoma, bro. Mdogo wangu anacho."