MTUNGI WA GESI SIYO UJANJA! STAA WA KAMERA ACHA KUWAPOTEZA MADOGO WA KATANDALA

Haya wadau, ya leo haina penzi lililovunjika wala bifu la wasanii. Ya leo ni ya chumba cha giza, gesi, na picha ya mzee mmoja wa Sumbawanga ambayo haitapigwa tena.

Kuna staa mmoja wa kamera, jina linahifadhiwa, ila wanaofuatilia mambo ya picha watakuwa wameshamjua. Huyu bwana ameachana na dijitali, amerudi kwenye filamu za kizamani. Siyo zile za mkanda ambazo wazazi wetu walipeleka studio kusafishwa. Hizi ni za shiti, kipande kimoja kimoja cha inchi 4 kwa 5, kamera yenyewe kubwa kama sanduku na mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi. Hapo hana kosa. Picha ya shiti ikisafishwa vizuri, unahesabu hadi mikunjo ya macho ya bibi.

Kosa ni zile klipu zake. Mtungi mrefu umesimama, bomba linaingia kwenye tangi la dawa, mapovu yanapanda kama supu ya kongoro jikoni, na yeye anajinadi kwamba anayesafisha shiti kwa mkono ni mshamba aliyebaki nyuma. Anaonyesha mapovu basi. Hasemi ni gesi gani, hasemi chumba chake kinapitisha hewa vipi, hasemi kitu. Kiki tu.

Sasa njoo Katandala. Kuna dogo mmoja pale, kamaliza kidato cha nne, anaendesha maisha kwa picha za paspoti. Kajichanga hadi akapata kamera ya shiti, akageuza stoo ya mama yake kuwa chumba cha giza. Kijana wa kupongezwa. Familia moja ikamwita ampige mzee wao, seremala mstaafu, picha kubwa ya kutundika sebuleni. Mzee akavaa koti lake la Jumapili, akakaa kwenye kiti alichochonga mwenyewe. Dogo akapiga shiti 4.

Kwa mkono angezisafisha zote na akalala usingizi wake. Lakini alishaangalia klipu. Mtungi hana, akaazima kompresa kwa mafundi pancha, akatoboa bomba la plastiki kwa msumari wa moto, akalilaza chini ya tangi. Dawa ikachemka mapovu kama kwa staa. Ilipofika mwisho dawa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na shiti zote 4 ni hafifu, zina michirizi kutoka juu hadi chini kama pazia lililochanika. Dogo akaomba arudie. Wiki mbili baadaye mzee akafariki. Msibani ikawekwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa, sura imekuwa vidoa vidoa.

Mashabiki wa staa watasema dogo ni mzembe. Sawa, tuliangalie jambo lenyewe kama lilivyo.

Filamu ikiwa ndani ya dawa, ile dawa inayoigusa inachoka haraka, hasa penye mwanga mwingi kama shati jeupe. Isiposogezwa, inabaki palepale au inateremka polepole na kuacha alama. Ndiyo maana lazima kutikisa au kukoroga. Maabara kubwa zilizokuwa zinasafisha shiti nyingi kwa mpigo zilikuja na akili ya kuweka kisambaza gesi chini ya tangi. Nitrojeni inafunguliwa kwa sekunde 1, inafungwa, inarudiwa kila baada ya sekunde 10. Mapovu yanapanda, dawa inazunguka, shiti zote zinapata sawasawa, leo na kesho. Kwa kazi ya namna ile ni njia nzuri, hakuna anayebisha.

Lakini gesi siyo gesi tu. Nitrojeni ilichaguliwa kwa sababu haigombani na dawa. Hewa ya kompresa ina oksijeni kama asilimia 21, na oksijeni ndiyo adui namba moja wa dawa ya kusafishia. Ukiipuliza humo unaiua dawa kabla haijamaliza kazi. Hiyo ndiyo rangi ya chai aliyoiona dogo. Kuna wajanja wameshaanza kuulizia mitungi kwa mafundi wa kuchomelea. Ule wa oksijeni utaiharibu dawa haraka kuliko kompresa, na ukivuja chumbani cheche moja inatosha kuzua moto mkali. Kabonidayoksaidi nayo inaingiza asidi kwenye dawa inayotaka kuwa alkali, nguvu inashuka. Na kama kuna mtu anawaza mtungi wa jikoni, huyo hahitaji somo la picha, anahitaji kushikwa mkono atolewe nje.

Halafu matundu. Kisambaza gesi cha maabara kina matundu yaliyopimwa, yanalingana, na kinalala sawa kabisa. Bomba la kutoboa kwa msumari, tundu moja kubwa, jingine dogo, mapovu yanafuata njia moja tu. Pale yanapopita dawa inafanya kazi zaidi, pembeni inalala. Ukiyaacha yapande mfululizo bila kufunga, ndiyo unachora barabara kabisa juu ya uso wa mtu.

Tuje kwenye lile ambalo staa angeanza nalo kama angekuwa anawapenda wanaomfuata. Chumba cha giza cha nyumbani ni nini? Ni stoo iliyozibwa. Blanketi mlangoni, tambara chini ya mlango, dirisha limegongewa mbao, maana hata uzi wa mwanga unaharibu filamu. Shiti nyingi hazitaki hata taa nyekundu, ni giza totoro. Yaani umejifungia mahali pasipoingia hewa, mshale wa mtungi huuoni, na unafungulia gesi isiyo na rangi wala harufu.

Piga hesabu mdau. Stoo ya mita 2 kwa 2, kwenda juu mita 2, ni mita za ujazo 8. Mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa kwa bar 200 ukifunguliwa wote unatoa takribani mita za ujazo 10. Gesi ya mtungi mmoja inazidi chumba chenyewe! Mpira ukichomoka au koki ikibaki wazi, nitrojeni inaisukuma oksijeni nje. Na mwili haushtuki, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kubanwa pumzi ni kabonidayoksaidi kujaa mwilini, na hiyo unaendelea kuitoa kama kawaida. Hukohoi, hutapatapi. Unaishiwa nguvu, unaanguka. Mama anakuja kugonga asubuhi.

Wengine wamekuwa wabunifu zaidi, wanaulizia ile nitrojeni ya maji inayotunzia mbegu za ng'ombe za uhimilishaji. Lita 1 ya ile ikiyeyuka inakuwa karibu lita 700 za gesi. Waiache kwa wataalamu wa mifugo.

Na huku Sumbawanga, mji ambao watani wanausingizia uchawi kila kukicha, kijana akikutwa amekufa kwenye chumba cheusi bila jeraha, hakuna atakayetaja nitrojeni. Atatafutwa bibi wa jirani. Klipu ya sekunde 30 inaweza kuzaa msiba na mtafaruku wa mtaa mzima, mwenye klipu yuko mjini anahesabu like.

Tena hii yote kwa shiti 4! Kwa shiti 4 mkono unatosha na kubaki. Ansel Adams, Mmarekani aliyesifika dunia nzima kwa picha za milima, ameeleza kwenye kitabu chake The Negative jinsi ya kusafisha shiti ndani ya trei kwa mikono. Unaziloweka kwanza kwenye maji, unaziingiza kwenye dawa moja moja, kisha unachomoa ya chini unaiweka juu, taratibu, zamu kwa zamu, bila kukwaruza. Mwenye tangi na henga anazinyanyua kila dakika, anazilaza upande mmoja zichuruzike, anarudisha, halafu upande wa pili. Baridi ya Ufipa ya Juni na Julai ikipiga, trei unaikalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili dawa ibaki kwenye nyuzi 20. Umeme ukikatika kompresa inazima, mkono hauzimi.

Wapo watakaosema huu ni wivu wa watu wa mikoani wasiotaka maendeleo. Maendeleo gani yanayomrudisha mtu msibani na picha ya kitambulisho? Mwenye nitrojeni halisi, regyuleta nzima, kisambaza gesi cha kueleweka, feni ya kutoa hewa na mtu wa kumwangalia nje ya mlango, apige mapovu yake kwa raha. Asiyenavyo siyo mshamba.

Staa, futa klipu au zirudie useme yote. Na kama una kifua, mtafute yule dogo wa Katandala. Wala hajakuomba hela. Mwambie tu, mbele ya wafuasi wako walewale, kwamba mkono wake ulikuwa unatosha.

Mdau, unamjua anayesafishia picha stoo na mlango umezibwa blanketi? Mtumie hii leo, usingoje kesho. Halafu dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.