Joto la Lodwar na Diski Inayotunza Fasihi

Wataalamu wa Kiswahili wametumia wino mwingi kulibishania jina la chombo kimoja: je, kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Makongamano yamefanyika, kamusi zimetofautiana, na wanafunzi wa Kenya na wa Tanzania wameendelea kila upande na lake. Katikati ya miaka ya 2000 hatua kubwa ilipigwa. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikapewa jina la Jambo, na kampuni ya Microsoft nayo ikashughulikia tafsiri ya mfumo wake. Hata hivyo, kilichopata maneno wakati huo ni kile kinachoonekana kwenye kioo: faili, hifadhi, futa, hariri. Mwili wa chombo chenyewe, pamoja na maradhi yake, uliachiwa mafundi na Kiingereza chao. Pengo hili halionekani sana Nairobi, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa humsaidia mtumiaji bila yeye kujua. Linaonekana Lodwar na Kakuma.

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, umo kwenye bonde lenye mwinuko wa mita 500 hivi. Joto la mchana hufikia nyuzi 35 za Selsiasi na kuzidi, na mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 200 tu. Serikali ya kikoloni iliufahamu vyema ukali wa nchi hiyo. Ilipotaka kumtenga Jomo Kenyatta na watu wake, ilimfunga kwanza Lokitaung, kisha ikamhamishia Lodwar mwaka wa 1959. Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ina kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka wa 1992, na jirani yake ni makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka wa 2016. (Vitabu kadhaa vya Kiingereza hurudia dai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Ni ajabu dai hilo kudumu miaka yote hii bila mwandishi hata mmoja kufungua kamusi.)

Katika miji hii miwili tarakilishi si pambo. Lodwar una chuo kikuu kishiriki, ofisi za kaunti na shule za upili. Kakuma ina vituo vya masomo, mashirika na vijana waliojifunza uchapaji wakiwa kambini. Mwaka wa 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao wenyewe, KANERE. Aidha, hapa ndipo Kiswahili kinapofanya kazi yake ngumu kuliko mahali pengi: Mkongomani, Mrundi, Msudani Kusini, Msomali na Mturkana hukutana kwacho sokoni na darasani. Mtafiti wa fasihi simulizi anayerekodi nyimbo za Waturkana za kumsifia maksai kipenzi, au ngano za bibi aliyetoka Kivu, huziweka rekodi hizo katika diski. Ikifa diski, bibi huyo huenda asipatikane tena wa kuulizwa.

Basi diski yenyewe ni kitu gani? Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka. Hii ya sasa haina kinachozunguka. Tuseme ni diski mango, ingawa mafundi wa Lodwar, kama wa Nairobi, huiita SSD tu. Ndani yake mna vijumba vidogo mno vinavyofungia chaji za umeme, na wingi wa chaji katika kila kijumba ndio unaosomwa kuwa herufi, sauti au picha. Kando ya vijumba hivyo pana kidhibiti, yaani akili ya diski, nacho ndicho kinachochemka zaidi wakati wa kazi. Diski nyingi za aina hii zimewekewa kikomo cha kufanyia kazi cha nyuzi 70 hivi. Joto likikaribia au kupita hapo, kidhibiti hujipunguzia mwendo ili kujiokoa. Mtumiaji huona tarakilishi imekuwa nzito, akailaumu programu, au akalaumu virusi.

Hesabu yake si ngumu. Diski iliyopanda nyuzi 30 juu ya hewa inayoizunguka itakuwa na nyuzi 52 katika chumba chenye nyuzi 22. Chumba chenye nyuzi 38, chini ya bati la Kakuma saa nane mchana, kitaifikisha kwenye 68. Chombo ni kile kile na kazi ni ile ile. Kijitabu kilichokuja na chombo kiliandikwa na mtu aliyekifikiria chumba cha kwanza.

Dawa ya haraka inayotajwa na wengi ni feni, na hapa pana kosa la maana linalofaa kufafanuliwa. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuliondoa joto kwenye chombo na kulitupa hewani, kwa hiyo haiwezi kuishusha diski chini ya joto la hewa inayovutwa. Mtungi wa maji hufanya vingine: unatoa jasho, jasho linakauka, na maji ya ndani yanapoa kuliko hewa ya nje. Kila mama wa Turkana analijua hilo. Tarakilishi haina jasho. Feni ikivuta hewa ya nyuzi 38 itapuliza hewa ya nyuzi 38, basi kupoza diski kunaanzia kwenye chumba kabla hakujaanzia kwenye kasha. Dari chini ya bati, kivuli juu ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na matundu ya juu ya kutolea hewa moto vina faida kubwa kuliko feni tatu za bei ghali. Waturkana wenyewe hushinda mchana katika vibanda vya makuti ya mkoma vinavyopitisha upepo, wala hawajifungii ndani ya ukuta wa matofali. Majengo ya maabara za tarakilishi yamejengwa kana kwamba hekima hiyo haikuwapo.

Upepo nao una neno lake. Bonde la Turkana liko kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na upepo wa kusini-mashariki hubanwa hapo ukawa mkali, hasa usiku na alfajiri. Ni neema, lakini hubeba vumbi. Msimamizi wa maabara hujikuta njia panda: akifungua madirisha, vumbi linaingia, akiyafunga, chumba kinageuka tanuri. Wengi huchagua kufunga, kisha wakaongeza jambo la pili lililo baya zaidi. Hushona vitambaa vizuri, pengine vyenye maua pembeni, wakaifunika tarakilishi. Kuifunika usiku ikiwa imezimwa na kupoa ni busara. Tatizo ni kwamba kitambaa husahauliwa, au huvuliwa upande wa mbele tu ili kitufe cha kuwashia kionekane, na lile kasha ambalo Wakenya wengi huliita CPU likaendelea kufanya kazi siku nzima likiwa limevaa koti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huenda hawakuiwazia tarakilishi, ila maneno yao yanaitosha kama lile koti.

Njia ya kati ipo na haina gharama kubwa. Kasha liinuliwe kutoka sakafuni, kwa kuwa vumbi hukaa chini. Liachiwe nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani. Feni ya mbele ivute ndani na ya nyuma isukume nje. Ni jambo la kawaida kukuta zote mbili zimefungwa zikielekea upande mmoja usiofaa, zikishindana. Tundu la kuvutia hewa liwekewe wavu mwembamba unaofuliwa kila wiki, maana wavu uliojaa vumbi ni kitambaa kingine. Diski ndogo iliyolala juu ya bodi kuu ifungwe bamba la alumini la kusambaza joto, na fundi akumbuke kuibandua karatasi ya plastiki iliyo kwenye ulimbo wa bamba hilo. Karatasi hiyo ikiachwa, kinachopaswa kupitisha joto kinakuwa blanketi. Kazi nzito kama kunakili video zifanywe asubuhi.

Kuhusu kasi, pana haja ya kusema wazi jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Diski mpya za aina ya NVMe huweza kusoma megabaiti elfu kadhaa kwa sekunde, na zikiwa kazini hula wati nane au hata zaidi. Zile za SATA haziwezi kupita megabaiti 600 hivi kwa sekunde, nazo mara nyingi hutumia wati mbili au tatu. Mwanafunzi anayechapa tasnifu, karani anayeandika barua, mtafiti anayesikiliza wimbo na kuunukuu, wote hawatatambua tofauti. Kumnunulia mtu wa Lodwar diski yenye kasi kuliko zote, kisha kumtafutia bamba, feni na umeme wa kuipoza, ni kumpa farasi wa mashindano mtu anayehitaji punda wa kumbebea maji. Diski ya polepole ndiyo inayoifaa Turkana, na wafadhili wanaopeleka vyombo huko wangeuliza hilo kabla ya kuagiza.

Yote hayo, hata hivyo, yanahusu diski iliyo kazini, nayo ina namna ya kujitetea: hupunguza mwendo, hulalamika, humfanya mtu aite fundi. Hatari inayostahili kuogopwa zaidi ni ya diski iliyozimwa na kufungiwa. Chaji zilizo katika vijumba huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Kwa viwango vya shirika la JEDEC vilivyotolewa mwaka wa 2010, diski ya mtumiaji wa kawaida iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake cha kuandikwa inatakiwa kuhifadhi data kwa mwaka mmoja bila umeme, ikiwa imewekwa katika nyuzi 30. Kwa makadirio, kila nyuzi tano zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu hivi. Katika nyuzi 40, mwaka umebaki miezi mitatu. Ni kweli kwamba diski mpya, au iliyotumika kidogo, hustahimili muda mrefu zaidi ya huo. Lakini tarakilishi nyingi zinazofika shuleni na vituoni zimetumika kwanza katika ofisi za Ulaya, na hakuna aliyeandika juu ya kasha diski yake imechoka kiasi gani.

Sasa na ifikiriwe likizo ndefu. Vyombo vinakusanywa kwa hofu ya wezi, vinafungiwa katika stoo yenye bati, isiyo na dirisha, na mlango unawekwa kufuli mbili. Mwizi hakuingia. Muhula unaporudi, faili moja inafunguka, nyingine haifunguki, na ya tatu inafunguka huku wimbo ukikatika katikati. Kwa kuwa hakuna kilichovunjika, hakuna anayeulizwa. Jambo la kushangaza ni kwamba ardhi hii hii ni mtunzaji hodari wa kumbukumbu. Mwaka wa 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa kilichokuwa mwanzo wa kupatikana kwa mifupa ya kijana wa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mfupa ulikuwa umegeuka jiwe. Chaji ya umeme haigeuki jiwe.

Kwa hiyo rekodi za fasihi simulizi zisiachwe stoo. Nakala moja ibaki Lodwar katika diski inayotumika, nyingine ipelekwe kunakokuwa na baridi, Eldoret au Nairobi, na ya tatu iwe katika diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani, ambayo haifungii data katika chaji. Kila miezi miwili au mitatu mtu mmoja, mwenye jina na zamu, azifungue, azisikilize na kuzinakili upya. Mfuko wa plastiki juani ndani ya gari la kwenda Kitale si mahali pa kuwekea diski, hata kwa safari ya siku moja.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni ya mafundi, na kwamba mwanafunzi wa fasihi abaki na tashbihi zake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mafundi na wasimamizi wangekuwa na lugha ya kuelezana mambo haya. Fundi aliyesomea Kiingereza humwambia mlinzi wa maabara sentensi nusu Kiingereza, mlinzi anaitikia kwa adabu, na kitambaa kinarudi juu ya kasha. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina watu wanaoweza kuandika ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili kinachoeleweka na Mkongomani na Mturkana kwa pamoja, wakashirikiana na wenyeji kuutoa kwa Kiturkana pia. Wasianze kwa kubishania istilahi. Karatasi ibandikwe ukutani, juu ya swichi, iseme: vua kitambaa kabla ya kuwasha, usifunge matundu, safisha wavu Ijumaa, usiiache diski stoo wakati wa likizo. Chini yake iachwe nafasi ya kuandika jina la anayeshika zamu mwezi huu.