Kipimo cha virusi kifike Mashewa kwanza

Mama anafika kituoni Mashewa, wilayani Korogwe, na mtoto anayewaka homa. Muuguzi anamtoboa kidole, anadondosha damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, wanasubiri robo saa. Mstari mmoja tu: hana malaria. Ana nini basi? Hakuna ajuaye. Mtoto anarudishwa nyumbani na panado na amoksilini, dawa isiyoua kirusi hata kimoja.

Hayo ndiyo maisha ya zahanati zetu. Utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima watoto 1,005 wenye homa. Wenye malaria walikuwa kama mmoja katika kila kumi; wenye ugonjwa wa virusi, saba. Tunawapa dawa za bakteria watoto wasio na bakteria, halafu tunalalamikia usugu wa dawa.

Kutojua huua pia. Mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, uliotangazwa Januari 2025, ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 10. Wote walifariki, na ni wawili tu waliothibitishwa na maabara.

Teknolojia ya kuhariri jeni, CRISPR, inaweza kubadili hali hii. Protini iitwayo Cas13 hupewa alama ya jeni ya kirusi inayotafutwa. Ikikikuta kwenye sampuli, huanza kukata, na vipande inavyokata hutoa mwanga. Mwaka 2020 wanasayansi wa California, akiwamo Jennifer Doudna aliyepata Nobel mwaka huohuo, walionyesha kwamba kamera ya simu inaweza kuusoma mwanga huo na kutambua kirusi cha korona ndani ya nusu saa.

Kazi iliyobaki ni kukitoa kipimo hiki maabara na kukifikisha zahanati: kistahimili joto bila friji, muuguzi mmoja aweze kukitumia, na bei yake ibebeke. Kazi hiyo tusiwasubiri wengine watufanyie. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Korogwe, na wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S.

Tunaitaka Wizara ya Afya iipe NIMR fungu la kuvijaribu vipimo hivi vijijini, kuanzia maeneo kama Mashewa, kwa dengue, chikungunya na Marburg. Majibu yatumwe kwa simu siku hiyohiyo kwa mganga mkuu wa wilaya, bila jina la mgonjwa. Kipimo kikithibitika, Bohari ya Dawa ikinunue kwa wingi na kukisambaza kama inavyosambaza kipimo cha malaria.

Mlipuko huanzia kwa mgonjwa wa kwanza, na mgonjwa huyo aghalabu hubisha hodi zahanati. Kipimo kimsubiri hapo.