Kompyuta ikizima, toa diski kwanza

Wasee, Jumanne usiku stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na kompyuta yangu ya mezani ikazima palepale. Ikabaki harufu ya kuungua. Ndani mlikuwa na video za miezi minane, zikiwemo za mteja aliyekuwa ameshalipa nusu. Nililia, siwezi kuwadanganya.

Fundi wa mtaani hata hakufungua kava. "Hii imekufa, bosi. Nunua ingine, hii nikupee elfu mbili ya spea." Elfu mbili, na diski yangu ikiwa ndani! Nikakataa, nikapanda matatu hadi Luthuli. Huko kijana mmoja alichomoa diski, akaiunganisha na laptop yake kwa waya wa USB. Faili zote zilikuwepo. Kilichoungua ni pawasaplai tu.

Mnaweza kunipinga, lakini mimi nasema usimwachie fundi yeyote mashine kabla hujatoa diski. Na ujinga wangu nakubali: sikuwa na kopi hata moja. Siku hizi kila Ijumaa nakopi kazi yote kwenye diski ya pili, halafu naichomoa. Nikiiacha imechomekwa, stima ikirudi vile inaweza kuchoma zote mbili.