Chai Imeshatiwa Sukari

Boom likichelewa, mchana wangu ni soda na skonzi. Muhula uliopita nimekula hivyo karibu wiki mbili, na nilijiona mjanja: tumbo limejaa, chipsi sijagusa, moyo wangu uko salama.

Kisha likizo nikapanda Mgeta kwa mama. Alishapimwa mafuta kwenye damu, akaambiwa yako juu. Basi nyama ameacha, mboga anachemsha tu. Lakini chai? Vijiko vinne kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku, na baridi ya Uluguru mnaijua. Nikaomba karatasi ya majibu. Kilichopanda kuliko vyote ni trigliseridi.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani mafuta ya kwenye damu yanatoka kwenye kikaango peke yake. Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi, ini linaigeuza kuwa mafuta na kuyaachia kwenye damu. Ndiyo trigliseridi hizo. Mara nyingi zinapanda huku HDL, ile kolesteroli nzuri, ikishuka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 kwenye JAMA Internal Medicine ulikuta kwamba waliopata robo au zaidi ya nishati yao kwenye sukari ya kuongezwa walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo karibu mara tatu ya waliokuwa chini ya asilimia 10. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kila kitu, sawa, ila mimi umenitosha.

Shirika la Afya Duniani, 2015, lilisema tubaki chini ya asilimia 10, na ikiwezekana chini ya 5, yaani gramu 25 hivi, vijiko sita vya chai. Mama alikuwa kwenye kumi na viwili. Soda yangu moja ilikuwa na karibu tisa.

Chungwa na ndizi za Matombo sizigombi. Tunda zima lina nyuzinyuzi, na hakuna anayekula machungwa matano kwa mkupuo kama anavyoyanywa kwenye glasi. Wala siombi mtu ang'oe miwa; huu ni mkoa wa Kilombero na Mtibwa, na nimesoma na watu ambao ada yao ilitoka shambani huko.

Ninachodai kwa serikali yetu ya wanafunzi ni kidogo: ikae na mama ntilie na wenye vibanda vya juisi, sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie. Leo ukiomba chai bila sukari unajibiwa, "Imeshatiwa kwenye birika, mwanangu." Na sisi wa ualimu, kesho tutafundisha mfumo wa damu huku chupa ya soda iko juu ya meza?

Mama ameshuka hadi vijiko viwili, dawa anameza kama kawaida. Analalamika chai imekuwa maji ya moto. Mwezi ujao anarudi kupima.