"Nahodha, twende zetu!" (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nawasema ninyi. Wavuvi nitawasema siku yao.

Huku kwetu visiwani Ziwa Victoria, mtumbwi ukizima injini katikati ya maji au ukianza kujaa, anayepaza sauti kwenye mtumbwi unaopita mara nyingi si nahodha. Ni sisi. "Nahodha, twende zetu, nina mtoto mchanga hapa!" Mwingine anadakia, "Si walijazana wenyewe?" Nahodha naye mafuta yake ni ya kupima, anataka kuwahi, basi kapata kisingizio. Anapita. Wale wanabaki wanapunga kanga.

Una mtoto mchanga, sawa. Na kule kwenye mtumbwi unaozama unadhani hakuna?

Msiniambie serikali itakuja. Itakuja, na namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, pigeni. Lakini mtu akikosa hewa kabisa, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Boti gani itatoka mjini ikufikie kwa dakika hizo? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 wakatoka hai. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, tulizika zaidi ya watu 220, na pale pia wenye mitumbwi walianza kuokoa kabla ya vikosi. Baharini jambo hili halina hata mjadala: Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982 inataka nahodha aende kumsaidia aliye hatarini, ili mradi asihatarishe chombo chake na watu wake.

Hapo kwenye kutohatarisha ndipo mnapojifichia. "Tumejaa, tutazama wote." Haya, mmejaa. Nani kasema lazima muwapakie? Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linamweka mtu mzima juu ya maji. Tupeni madumu, tupeni kamba, kaeni jirani, piteni mkiita mitumbwi mingine. Kama nafasi ipo, nahodha asogee polepole na azime injini kabla ya kuwafikia walio majini, maana panga la injini halichagui. Wavutwe mmoja mmoja kupitia nyuma au mbele. Na wewe kaa chini! Mkisimama wote upande mmoja kuchungulia na kupiga video, mtapinduka wenyewe.

Kuna wanaosema ukiokota mtu polisi watakusumbua. Kuhojiwa kunachosha, sikatai. Lakini mnatafuta usumbufu wa siku moja mnaulinganisha na roho ya mtu?

Sasa nchi kavu, ambako ndiko moyo unaniuma zaidi. Mtoto katolewa majini hapumui, watu wanamning'iniza miguu juu, wanambinya tumbo "maji yatoke", mwingine kaleta majivu. Jamani! Ukibinya tumbo anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Anachohitaji ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu, puliza pumzi tano. Kwa mtoto mchanga mdomo wako ufunike mdomo na pua yake, upulize kidogo kidogo tu, kifua kiinuke, na kichwa usikirudishe nyuma sana. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, puliza mbili, rudia bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Kwa kichanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua chake. Akipumua, mvue nguo mbichi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike.

Halafu mlete kituoni hata kama anacheka na kuomba uji. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumbadilikia saa kadhaa baadaye, na hapo nyumbani huna oksijeni.

Sehemu ya 5 ni maboya. Wengi mnawavalisha watoto maboya ya watu wazima, mtoto akiingia majini boya linabaki juu yeye anachomoka chini. Leteni maswali.