Sindano ya kupanga uzazi: akina mama waelezwe kwanza

Huenda umewahi kumsikia jirani akisema kwamba sindano ya kupanga uzazi hufungia damu tumboni mpaka igande iwe uvimbe. Akina mama huja kwangu na hofu hiyo, miezi sita baada ya kudungwa, mkono ukiwa tumboni. Siwacheki. Lawama ni yetu sisi tunaodunga bila kueleza.

Dawa hiyo, Depo-Provera, ni homoni iliyotengenezwa kwa kuiga projesteroni ambayo mwili wa mwanamke hutoa wenyewe kila mwezi. Miligramu 150 huzuia yai lisipevuke kwa miezi mitatu, na ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, mbegu za mume zisipenye. Tena utando wa ndani ya kizazi huwa mwembamba. Hedhi ni utando huo unaobomoka na kutoka pamoja na damu. Usipojijenga, hakuna cha kutoka wala cha kuganda. Ndiyo maana dawa za jamii hii, kama norethisteroni, humsaidia pia mama anayetokwa na hedhi nyingi kupita kiasi.

Mama akielezwa haya mapema, hedhi ikikoma hashtuki. Asipoelezwa, huacha sindano kimyakimya na kurudi kliniki akiwa na mimba ambayo hakuitaka.

Kuna jambo jingine linalofichwa, nalo huvunja nyumba. Baada ya sindano ya mwisho, uzazi hukawia kurudi, kwa kawaida miezi kumi hivi, wengine zaidi. Bi harusi aliyedungwa ili amalize masomo kwanza huanza kuitwa tasa na mama mkwe, kumbe ni dawa haijaisha mwilini! Anayetaka mtoto karibuni achague njia nyingine.

Kuhusu Ukimwi, uchunguzi uliofanywa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini ulitoa matokeo mwaka 2019. Haukuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya waliodungwa sindano hii na waliotumia kipandikizi au koili ya shaba. Hata hivyo sindano haikingi virusi. Mpira bado unahitajika.

Najua foleni za kliniki zetu ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Lakini wewe uliza kabla hujakunja mkono wa nguo: hedhi yangu itakuwaje, na nikitaka mtoto itachukua muda gani? Na damu ikikutoka nyingi au mfululizo baada ya kudungwa, usingojee tarehe ya sindano ijayo. Rudi kliniki.